Kopo Nisilolisoma

Ifakara, Alhamisi jioni, mwezi wa saba.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya majaruba, mchana pakawa na vumbi, na sasa upepo unaleta harufu ya pumba zinazochomwa nyuma ya mashine za kukoboa. Siku imekuwa nzuri kwa kila mtu asiye mimi.

Nina wivu.

Nimeandika neno hilo na kulitazama kwa muda. Kwenye blogu hii nimepigana na wauza mbegu bandia, na madiwani, na wasomi wanaokuja kutusomea matatizo yetu wakati sisi tunayaishi. Wanaonifuata wanajua sikopeshi ugomvi. Lakini sijawahi kuandika hapa kwamba mtu ninayemwonea wivu kuliko wote duniani ni fundi magari wa Viwanja Sitini, mwenye grisi hadi kwenye viwiko, ambaye tulinyonya ziwa moja.

Ni mdogo wangu, Fideli.

Mimi nilisoma, yeye alitambaa chini ya matrekta ya shamba la miwa kule Kidatu mpaka akajua kilichomo. Mimi nina kabati tatu za vitabu. Yeye ana mama. Mama anaishi kwake, nyumba ya nyuma ya gereji, na kichwa cha kambale kikiiva kinawekwa kando kwa ajili ya Fideli hata siku ambayo mgeni ni mimi. Nina miaka hamsini na mbili na bado nahesabu vichwa vya kambale.

Sasa niseme habari ya gari.

Jumamosi mjukuu wa mama, mtoto wa dada yetu, anasoma misa yake ya kwanza Mahenge. Tangu Pasaka nilimwahidi mama kwamba nitampandisha mimi. Nilishaipanga picha yote kichwani: gari langu, foo wili ya Kijapani ya otomatiki, kuukuu lakini safi, mama kiti cha mbele na kitenge kipya, tunavuka daraja, tunapanda kona za mlima, watu wanaona nani amemleta. Fideli anafuata nyuma na pikapu yake, anakula vumbi letu.

Mwezi uliopita nikitoka Namawala na magunia matano ya mpunga, gari likaanza kuteleza gia. Asiyejua hali hiyo nimweleze. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, na gari linabaki na mwendo wake wa baiskeli. Ni kama mtu anayehutubia kwa sauti kubwa wakati watu wameshaondoka uwanjani. Niliielewa upesi kuliko nilivyopenda.

Nilifika nyumbani nikasoma. Nilisoma usiku na mchana, maana ndivyo ninavyojua kufanya. Nikajifunza kwamba giaboksi ya otomatiki haina klachi ya mguu. Mafuta yenyewe ndiyo yanayosukuma na kubana, na yakipungua, vile visahani vya ndani havishikani vizuri. Nikavuta kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa chini ya alama.

Nilikuwa sahihi kabisa. Ningekufa saa ile ningekufa shujaa.

Nikapitia dukani nikitoka shambani na nguo za kazi, pumba za mpunga hadi kwenye nyusi, nikaomba haidroliki. Hapa kwetu hilo ndilo jina la mafuta ya giaboksi. Lakini jina hilo hilo ni la mafuta ya usukani, ya jeki, ya kunyanyulia jembe la trekta. Chochote kinachosukuma kitu kwa mafuta ni haidroliki. Dada wa dukani aliuliza, "Haidroliki ya nini, baba?" Swali zuri. Swali la mtu mwenye akili. Mimi, nikiwa na haraka na jua limenipiga, nilimjibu kwamba haidroliki ni haidroliki, anipe kopo la lita tano. Akaziangalia pumba, akaamua mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo, wasomaji wangu mtakumbuka, niliweka hapa makala ndefu ya hasira dhidi ya watu wanaoita kila sabuni jina moja. Niliandika kwamba taifa lisilotenganisha majina halitatenganisha ukweli na uongo. Ilipendwa sana.

Nilimimina mwenyewe, kwa faneli, taratibu, na fahari tele.

Siku mbili gari likaenda. Ya tatu likaanza kusita: naweka D, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashtuka na kuruka kama punda aliyechapwa. Kisha kuteleza kukarudi vibaya zaidi. Mtu mwenye busara angekwenda Viwanja Sitini, dakika kumi kutoka kwangu. Mimi nililiburuta gari gonjwa mpaka Kiberege, kwa fundi asiyenijua, ili tu Fideli asisikie. Yule fundi hakufungua hata boneti. Alisikiliza nikiweka gia, akasema giaboksi imekufa, niagize nyingine Dar. Nilirudi polepole, taa za tahadhari zikiwaka, malori ya miwa yakinipigia honi. Nilikuwa nauguza fahari kwa kuiua giaboksi, na nilikuwa nalijua hilo.

Jumapili mama alitoka kanisani, akasikia gari linavyolia nikigeuza, akasema maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote, kuanzia redio ya baba mpaka bati lililovuja: "Mpelekee Fideli."

Nilikaa siku tatu zaidi kwa ukaidi tu. Leo asubuhi nimempelekea.

"Shikamoo, kaka," alisema, akitoka chini ya gari la mtu. Hajawahi kuninyima shikamoo hata siku moja, na leo ilinichoma kuliko tusi.

Nilitaka aanze kwa kunisikiliza. Nilikuwa na maelezo yaliyopangika. Hakuyahitaji. Aliliweka gari mahali palipo sawa, akaliacha linaunguruma mpaka likapata moto, akakanyaga breki na kupitisha gia zote moja moja, P mpaka ya chini kabisa na kurudi, akisikiliza kila moja kama daktari anavyogonga mgongo wa mtoto. Kisha, injini ikiwa inaunguruma, akavuta kijiti. Mimi nilipima injini imezimwa. Hilo nalo nililisoma mahali, nikaliruka.

Akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akakinusa, akaniita nisogee.

"Mafuta ya humu yanatakiwa yawe mekundu kama juisi ya rozela. Haya ona yalivyo. Povu. Halafu nusa."

Nilinusa. Harufu ya ukoko, wali ulioungua ukashika sufuria.

"Uliongeza nini, kaka?"

"Haidroliki."

Hakucheka. Ningempenda zaidi kama angecheka. Alienda nyuma ya gari langu, akafungua, akalikuta kopo bado limelala pale na mafuta kidogo yaliyobaki. Akaligeuza upande wenye maandishi, akanipa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza umekula:

"Ulisoma kopo?"

Mimi.

Mwenye kabati tatu za vitabu. Ninayesoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Kwenye kopo palichorwa trekta, jembe lake limenyanyuliwa, na chini yake imeandikwa, kwa lugha mbili ili mpumbavu yeyote achague yake, kwamba mafuta haya ni ya matrekta.

Fideli aliendelea kufanya kazi. Akaonyesha kwa tochi kilichoanzisha yote: bomba dogo la mafuta karibu na rejeta, kibano chake kimelegea, linatoa jasho. Mafuta hayakupungua bure, yalikuwa yanatoka. Mimi niliona yamepungua nikaishia hapo. Sikuuliza yameenda wapi. Na mtu asiyeuliza vitu vimeenda wapi ndiye ninayemtukana hapa kila wiki.

Akamwaga mafuta yote, akafungua karai la chini la giaboksi, akachukua sumaku iliyomo na kuipitishia kidole. Alinifundisha bila kujua ananifundisha: ukikuta tope laini la kijivu, huo ni uzee wa kawaida, ukikuta vipande vinavyong'aa, chuma kinakula chuma. Kulikuwa na tope, na vipande viwili vidogo vikimetameta. Aliviweka kwenye kiganja, akavitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akabadilisha chujio, akakaza bomba, akasafisha kwa mafuta mapya, akayamwaga hayo pia, akaweka mengine. Mekundu. Rozela kabisa.

Mikono ile. Nilikaa kwenye tairi nikiitazama mikono ile na nikajua kwa nini kichwa cha kambale kinaenda kwake. Mikono ile ikigusa kitu, kitu kinapata nafuu. Mimi nikigusa kitu, kinapata makala.

Alasiri tukaenda kulijaribu. Ifakara ni bapa kama sahani, mtu anaweza kuishi hapa miaka kumi na gari bovu asijue. Mlima wetu pekee ni mwinuko wa kupanda darajani. Barabarani gari likaenda kama halijawahi kuumwa. Nikaanza kutabasamu. Fideli alikuwa anaendesha, sikio ameliinamisha. Tukapanda mwinuko, injini ikiwa na moto, na pale gia ya pili inapoipisha ya tatu, mshale ukaruka, sauti ikapanda, gari likapumzika kidogo ndipo likashika.

Mara moja tu. Akageuza, akarudia. Mara moja tena, pale pale.

Alisimama pembeni. Akasema visahani vimeungua kidogo. Kwa mjini litanitumikia, pengine miezi, pengine zaidi, akishapata nafasi atalifungua. "Lakini usimpandishe mama Mahenge na gari hili, kaka. Kule kona zinafuatana. Likiteleza ukiwa na lori mbele na bonde kushoto, hutakuwa na pa kukimbilia."

Na mimi nikasema. Naandika hapa kwa sababu shajara isiyo na aibu ni tangazo. Nilisema, "Unataka umpeleke wewe."

Maji ya mto yalikuwa yanapita chini yetu, na mtu wa baiskeli mwenye mkaa akatupita akipumua kwa shida. Fideli akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikapu yake, akauweka kwenye dashibodi mbele yangu.

"Basi chukua langu. Mpeleke wewe. Mimi nitapanda na basi."

Hakusema kwa hasira. Hakunikomoa. Alikuwa ananipa mama, mzima mzima, pamoja na gari lisiloteleza.

Pikapu ya Fideli, ile ya milango minne yenye viti vya nyuma, ina gia za mkono. Mimi sijakanyaga klachi miaka kumi na minne. Katika kona za Mahenge, na mama pembeni, ningerudi kinyumenyume mpaka mtoni. Niliutazama ule ufunguo. Ningeweza kuuchukua. Nakiri kwamba mkono ulinyanyuka.

"Endesha wewe," nilisema. Maneno mawili, na yalinichukua muda mrefu kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika.

Tuliporudi nilikwenda mwenyewe nyumba ya nyuma kumwambia mama. Fideli alitaka amwambie gari limepata hitilafu, basi, maneno ya kunistiri. Nilikataa. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: duka, kopo, picha ya trekta, Kiberege. Alichambua mpaka nikamaliza. Nikasema Jumamosi atakwenda na Fideli, mbele, kiti kizuri, na mimi nitakaa nyuma na mizigo.

"Nani kakwambia mimi nakaa mbele?" akasema. "Mbele naona kona zote, napata kizunguzungu. Mimi nakaa nyuma siku zote, muulize mwenzio. Tena peke yangu. Fideli akiendesha haongei." Akapepeta, pumba zikaruka. "Utakaa na mimi. Wewe una maneno, tutafika hatujui."

Kwa hiyo picha niliyoibeba tangu Pasaka ilikuwa na kiti kimoja tu chenye thamani, na mama hakukitaka hata siku moja. Kama ningeshika usukani Jumamosi, angekaa nyuma yangu kimya, na mimi ningekuwa nahangaika na kona, na ningerudi nikihesabu kwamba hakuniongelesha.

Kopo nimekuja nalo nyumbani. Liko mezani hapa, kati ya vitabu. Nimelisoma lote, mpaka onyo la kutoliacha juani.

Mtu mzuri angemalizia kwa kusema wivu umekwisha. Sina kipaji hicho. Nilipokuwa natoka pale kwa mama, nilimwona Fideli anafuta kioo cha pikapu, na nikamfikiria Jumamosi: saa nyingi za kona, mikono miwili kwenye usukani, peke yake mbele, akisikia nyuma yake mama anacheka kwa maneno yangu.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Halafu nikarudi, nikamsaidia kufuta kioo cha upande wa pili.