Sauti Yako Imefika Thika

Dada Wambui,

Habari ya Ruiru, na mtoto ananyonya vizuri? Pikapu kuukuu ya Baba imevuta trela yetu ya kulala hadi huku Thika bila kuchemka, si kama lile gari dogo tulilotumia zamani. Shida ilikuja wakati wa kurudi nyuma kambini. Baba akikata usukani kulia, trela inaenda kushoto, mtoni, na wewe mwelekezaji wetu hukuwepo. Nakiri niliona haya kupiga kelele kama wewe, watu walikuwa wengi. Halafu nikapaza sauti, "Baba, simama!"

Akasimama ukingoni kabisa. Mama, aliyekuwa ndani ya trela akipanga vikombe, akachungulia dirishani.

"Kumbe Wambui amekuja?"

Asante kwa kuniazima sauti, Dada. Mbusu mtoto.

Mdogo wako,
Nyambura