Uso Wangu kwenye Simu Yako

Mlandege,
S.L.P. 318,
Iringa.
18 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Naima,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mama Mdogo naye hajambo? Goti lake vipi na baridi hii ya Uyole? Mwambie asitoke alfajiri kwenda sokoni bila soksi, asifanye ubishi wake. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imetukamata vibaya. Baba anavaa makoti mawili na bado analalamika.

Najua unashangaa kuletewa karatasi. Kwenye simu nimekublok na sikufungulii kwa sasa. Barua hii nimempa Dastan, yule dereva wa lori la mbao, akukabidhi mkononi. Isome umekaa.

Zile picha za Idi el-Fitri nilikutumia mimi mwenyewe, zote kumi na moja, nimevaa lile dera la kijani, kichwa wazi. Nilikutumia kama dada anavyomtumia mdogo wake, uone mshono. Ukanijibu, "Mashaallah dada, umewaka!" Kumbe siku hiyo hiyo umeshaiweka moja kwenye profaili yako. Jina Naima, uso Asmaa! Na zilizobaki ukawa unamrushia Idrisa wako moja moja, kama mtu anayelisha kuku. Hukuniuliza. Hata kunidanganya hukunidanganya, ulinyamaza tu.

Nikajua lini? Siku washenga walipokuja. Tangu Baba Mdogo Adamu afariki, Mungu amrehemu, posa yako haiwezi kupokelewa Uyole. Lazima ije hapa kwa Baba Mkubwa wako, na hilo ulilijua vizuri. Sasa ulifikiri siku hiyo mimi ningekuwa wapi, mwenzangu? Nyumba hii nani mwingine anawapelekea wageni juisi?

Niliingia na sinia la juisi ya pesheni. Mzee Muhidini, ami yake Idrisa, aliponiona akasimama kabisa. "Mashaallah, ndiye huyu! Tena picha zimempunja." Naima, nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwa dakika ile moja nilifurahi. Nina miaka thelathini na mbili, na hakuna mshenga aliyewahi kuvua viatu mlangoni kwetu kwa ajili yangu. Nikadhani siku yangu imefika. Nikasahau sinia, nikamwaga juisi kwenye zulia. Kisha mzee akafungua barua ya posa, akasoma jina lako.

Baba akasema huyu ni Asmaa, Naima yuko Uyole. Mzee akatoa simu kumwonyesha. Unajua Baba alielewa nini? Kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachati na kijana wa watu, nikampelekea picha zangu bila mtandio, kisha nikajificha nyuma ya jina lako. Niliapa, nikalia, wapi! Siku nne hakunisemesha. Chakula nilichopika hakukigusa, akawa anakula mkate mkavu na chai. Baba yule yule ambaye asipopata ugali anasema hajala.

Ijumaa Idrisa akaja mwenyewe kutoka Mbeya kunisafisha, nampa haki yake. Akaeleza kwamba ulimwambia ukweli mwezi wa tano, ukilia, na tangu hapo mnaongea kwa video. Wazee wake aliwaonyesha picha zangu kwa sababu mpaka leo hujataka kumpa hata moja ya kwako, na yeye aliona aibu kuwaeleza. Baba akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, na mimi nimesimama pale pale mlangoni, "Sasa kijana, wote hawa ni binti zangu. Unayemtaka ni yupi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Naima, mzee."

Baba akanitupia jicho la huruma. Afadhali angenichapa.

Wivu ninao, sikufichi. Kama angekutaka kwa ajili ya uso wangu, ningekuita mwizi, ningepiga kelele mpaka majirani wajae, na roho yangu ingetulia. Lakini aliniangalia wiki sita kwenye simu, akanikuta nimesimama mbele yake mzima mzima, na bado akakutaka wewe, na pengo lako la jino, na kicheko chako cha pikipiki inayogoma kuwaka. Ulichukua uso wangu ukautumia, halafu ukagundua huuhitaji. Mimi ndiye ninayeuhitaji, Naima. Sina mwingine.

Baba amesema posa haijibiwi mpaka mimi niseme nimeridhika, kwa kuwa aliyekosewa ni mimi. Basi siku tano nimekaa na ndoa yako mdomoni. Jumatatu nikiwa dukani nakata vitambaa nilisema hapana. Jana nikasema hapana tena, na nilisikia raha kulisema, Mungu anisamehe.

Leo asubuhi nimemwambia Baba ajibu ndiyo. Usinishukuru. Nimeona kwamba nikikataa, huyo kijana atasubiri, hata mwaka, na mimi nitakuwa hapa natazama jinsi mtu anavyokungoja wewe. Hilo siliwezi.

Ninachotaka ni hiki. Picha zote kumi na moja zifutwe, kwako, kwa Idrisa, na kwa mzee wake. Mpigie Baba umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume Mama Mdogo. Na upige picha yako, pengo likionekana, uwape wakwe zako wajue wanamchukua nani. Harusini nitakuja, nitapika, nitapiga vigelegele mpaka koo likauke. Kupigwa picha sitaki.

Nisalimie sana Mama Mdogo, na Shangazi Chiku akija kutoka Tukuyu. Jirani yenu Tumpe mwambie mbegu za maharage nimezipata, namshukuru.

Mwenyezi Mungu akujalie ndoa yenye kheri na watoto wema, na mimi pia anikumbuke, asidhani tumeshamalizana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata wiki hii ambayo nimejaribu sana nisikupende,

Asmaa