Siku Majirani Hawakuinua Mkono

Leicester, 9 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Kibii,

Habari za Nakuru? Goti la Mama linaendeleaje, na wifi yangu Chelangat na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa imeniingia hadi kwenye meno. Wazee ninaowahudumia huniuliza kila asubuhi kama kwetu kuna simba. Nimechoka kukana, siku hizi nasema tunao wawili nyuma ya nyumba.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu wewe husema "tutaongea" na hatuongei. Miaka kumi na mmoja ya kulala kwenye vyumba vya kupanga inatosha. Mwaka huu nataka kurudi, na nikirudi nifungue mlango wangu mwenyewe, si kukaa kwenye sofa ya mtu nikingoja kuulizwa nitaondoka lini. Nasikia bei za nyumba huko zimeanguka vibaya. Wewe una duka la vifaa vya ujenzi, unajua nani amekwama na nani anauza. Nitafutie vyumba vitatu, maji ya uhakika na mahali pa kupanda sukuma wiki. Usiniletee broker wa nyumba.

Mwambie Mama namtumia soksi.

Dada yako,
Linah


Mwanzo Estate, Nakuru, 2 Machi 2025

Dada Linah,

Pokea salamu zetu sote. Mama yuko sawa, analalamika tu akipanda ngazi. Soksi zilifika, naye amezivaa kanisani na viatu vya wazi ili watu waulize zimetoka wapi.

Ulivyosikia kuhusu bei ni kweli. Mtaa wetu una nyumba thelathini na mbili, na kumi na moja zina bango la kuuzwa. Watu walijenga wakidhani nusu ya Kenya itahamia Nakuru. Haikuhama. Mabango mengine yamepauka kwa jua. Jirani yetu wa geti jeusi, Mwalimu Wangechi, ameshusha bei mara tatu na hajapata hata mtu wa kuja kunywa chai akijifanya mnunuzi. Ukitaka nyumba kumi za kuchagua nitakupa kufikia Ijumaa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya. Watu wakiacha kujenga hawanunui mabati wala simiti. Duka langu lilianza kufa mwaka juzi, nami badala ya kulifunga nikalichukulia mkopo. Dhamana ni nyumba hii tunayolala. Sijalipa kwa miezi minane. Wiki jana dalali wa benki alibandika notisi ya mnada getini, na Mama, ambaye huamka kabla yetu, ndiye aliyeisoma. Aliibandua polepole, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake, kisha akaja kuniambia uji uko tayari. Mpaka leo hajanitajia.

Mnada ni tarehe 15 Aprili. Dada, nakuomba usinunue nyumba nyingine kwanza. Nisaidie kuitoa hii mikononi mwa benki. Deni lote ni kama milioni sita, pesa ambazo ungempa mtu usiyemjua. Nitakurudishia kidogo kidogo, na chumba cha juu kitakuwa chako siku zote. Sina mtu mwingine wa kumwambia.

Ndugu yako,
Kibii


Leicester, 16 Machi 2025

Kibii,

Salamu, na pole. Natumaini Mama analala. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kwa ajili ya Mama nimelia. Kwa ajili yako nimejaribu, machozi yakakataa.

Unaikumbuka siku Baba alipouza ekari tano za Kuresoi? Wazee waliketi sebuleni nawe ukaketi nao, una miaka ishirini na mbili na sharubu za kuhesabika. Mimi mkubwa wako niliambiwa nikamenye viazi. Viazi vya shamba lile lile linalouzwa, ambavyo nilikuwa nimevipanda kwa mikono yangu. Nikiwa jikoni nilimsikia Baba akisema, "Linah ataolewa, atapata kwa watu wake." Pesa zote zikawa kiwanja chako na mawe ya nyumba hiyo. Sikuolewa, Kibii. Hao watu wangu bado nawatafuta.

Baba nilimsamehe, alikuwa mtu wa zamani. Wewe ulitoka sebuleni ukanikuta nimeinamia sufuria, ukaniuliza kama viazi vimeiva. Hilo ndilo limenikaa kooni.

Sasa unataka nilipe deni, na cheti cha nyumba kibaki na jina lako. Hapana.

Linah, dada yako bado


Nakuru, 17 Aprili 2025

Dada yangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, na leo naweza kusema hivyo bila kudanganya.

Ulichoandika kuhusu viazi ni kweli. Sina utetezi. Nilisikia Baba akisema yale maneno na nikaona yananifaa, nikanyamaza. Nilikuwa mjinga na nilikuwa na njaa. Nisamehe ukiweza.

Sasa sikiliza maajabu. Wiki moja kabla ya mnada, Mwalimu Wangechi alipita nyumba kwa nyumba mtaani. Alisema, "Leo ni Kibii, kesho ni mimi. Hakuna mtu wa Mwanzo ataguza nyumba ya mwenzake." Siku yenyewe walikuja watu arobaini, wengine na viti vyao vya plastiki, wakaujaza uwanja mdogo nje ya ofisi ya dalali. Mama alikaa mstari wa mbele na soksi zako. Kulikuwa na wanunuzi wawili wageni; walipoona ule umati umenyamaza wakaingia kwenye gari lao na kwenda.

Dalali akataja milioni tisa. Kimya. Akarudia. Kimya. Mzee Kabiru alitaka kujikuna sikio, mkewe akaushika ule mkono akaukalia! Watu walicheka hadi dalali naye akacheka, akafunga faili.

Benki itaitisha mnada wa pili tarehe 24 Juni, na imeshusha bei hadi milioni sita na nusu. Meneja ameniambia kwa mdomo wake kwamba mnada huo nao ukikosa mtu, wataketi nami tuupange mkopo upya, maana hawataki kubaki na nyumba isiyouzika. Kwa hiyo ni mara moja tu zaidi. Mikono ikikaa chini siku hiyo, nyumba imepona. Majirani wote wamekubali. Hizi bei zilizoanguka, ambazo nimezilaani mwaka mzima, ndizo zitakazoniokoa.

Nimekueleza yote kwa sababu sitaki tena kukuficha kitu.

Ndugu yako mwenye furaha,
Kibii


Leicester, 4 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata habari zenu. Mimi mzima, kazi ni ile ile. Nimemcheka Mzee Kabiru mpaka bibi ninayemwogesha akaniuliza kama nina homa.

Tuyaache ya zamani. Hebu niambie, tarehe ni hiyo hiyo 24, haijasogea? Na hiyo milioni sita na nusu ndiyo bei ya mwisho ya benki? Paa halivuji? Maji yenu ni ya kisima au ya mfereji wa mji? Nauliza tu ili nikimwomba Mungu niombe nikijua.

Msalimie Mama. Mwambie asiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Linah


Nakuru, 26 Juni 2025

Dada Linah,

Sijui nianzie wapi na salamu. Tu hai.

Juzi walikuja wote, hata zaidi ya mara ya kwanza. Mwalimu Wangechi alileta chupa mbili za chai. Dalali akasoma bei, kimya. Akarudia, kimya. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo bwana mmoja mwenye kipara, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na choo, akainua kadi yake ya mnada. Namba saba. Akaishusha, akatazama simu yake, basi. Mkono mmoja tu, Linah. Dalali alipiga meza na ikawa imeisha.

Watu walimzomea. Mtu akamrushia chai. Mama aliinuka, akaenda kwake na lile goti, watu wakampisha. Nilidhani atamlaani. Alimuuliza tu, "Huyo aliyekutuma ako na mama?" Yule bwana akaangalia chini, akasema, "Ako naye, mathe." Mama akarudi kuketi.

Tumepewa hadi mwisho wa Agosti. Chelangat anafunga vyombo peke yake. Watoto wanauliza mbwa ataenda wapi. Nawaza tu ni nani, kati ya nyumba zote zinazouzwa Nakuru na hakuna anayezitaka, aliyeona lazima achukue hii.

Niandikie. Leo nahitaji dada.

Ndugu yako,
Kibii


Leicester, 20 Julai 2025

Kibii mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza kuandika nafuta. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla ya kuitupa.

Yule bwana ni wakili wangu, anaitwa Khisa. Niliyemtuma ni mimi.

Uliponiandikia kwamba majirani wote wataweka mikono chini, nilijua kwamba ukiinuka mmoja tu utatosha. Sitajifanya sikulielewa hilo. Lakini fikiri nawe: ningekulipia deni ningetoa pesa karibu zile zile, na ningebaki mgeni kwenye chumba cha juu. Ningekwambia mapema ungenituliza kwa maneno, nami ningekubali kama kawaida yangu. Kwa mara ya kwanza nimeketi sebuleni wakati kitu kinagawanywa.

Sikuinunua ili mwondoke. Chumba cha Mama ni cha Mama hadi atakapochoka nacho. Nyinyi mnaweza kukaa kwenye ile nyumba ya mfanyakazi pale nyuma, watoto wasihame shule. Kodi tutaelewana, haitakuwa kubwa. Mtu mwingine angewatoa na polisi. Bora mimi kuliko mgeni, au siyo?

Nitafika Novemba. Usimsomee Mama barua hii, nitamweleza mwenyewe.

Dada yako anayekupenda,
Linah


Molo, 30 Agosti 2025

Linah,

Nilimsomea Mama. Yeye aliibeba ile notisi ndani ya Biblia miezi yote hii bila kunilaumu, singeweza kumficha hii.

Aliniomba nirudie pale ulipoandika "niliyemtuma ni mimi". Nikarudia. Akasema, "Basi yule mtu alinijibu ukweli."

Uliandika "bora mimi kuliko mgeni". Mgeni asingejua tarehe. Mgeni asingeuliza kama paa linavuja ili ajue kuomba. Mgeni tungemchukia tukamsahau. Kuhusu Kuresoi ulikuwa na haki, nami nilikuwa na deni kwako kubwa kuliko la benki. Ungenidai mbele ya Mama, hata nyumba nzima, ningekupa kwa mkono wangu. Umechukua mikono ya watu arobaini walioiweka chini kwa kunionea huruma, ukaigeuza punguzo la bei.

Nyumba ya mfanyakazi mpe mfanyakazi. Sisi tumepanga hapa Molo. Mama amekwenda Kuresoi kwa dada yake. Funguo ziko kwa Mwalimu Wangechi. Soksi ziko kwenye droo ya chumba cha Mama, ameziosha.

Kibii arap Korir


Mwanzo Estate, Nakuru, 14 Desemba 2025

Kibii,

Hamjambo huko Molo? Mama hajambo? Nauliza nikijua hii ni barua ya nne na zile tatu nilizokutumia kwa simu hukujibu. Naiandika kwa mkono niipe mtu wa kuileta, labda karatasi utaipokea.

Nyumba ni nzuri. Ulijenga vizuri, sikuwahi kukuambia. Jua la asubuhi linaingia chumba cha Mama, linafika hadi kwenye kitanda. Silali humo. Nimepanda sukuma wiki na zimeota, lakini ni nyingi kuliko ninazoweza kula, na nikimpelekea mtu getini anasema asante, wanazo.

Nilikwenda Kuresoi. Mama alinipikia chai, akaniuliza habari za safari, akanisindikiza hadi barabarani, kama anavyomfanyia mgeni yeyote. Nilimwambia arudi, chumba chake kipo. Aliniambia, "Kaa kwako, mama." Kwangu ndiko nilikotaka miaka yote hii, na alipolitamka neno hilo nilitamani alirudishe.

Mwezi uliopita nilimwita broker, nikamwambia auze nirudi Leicester. Alicheka kwa adabu. Anasema bei imeshuka tena, na hata kwa hiyo hakuna mtu wa hapa atakayekuja kuitazama. Bango liko getini. Sasa mtaani mabango ni kumi na mbili.

Leo nilikwenda kanisani kwenu. Mchungaji ni mpya, hajui habari. Aliniita mbele, akasema nimetoka mbali na sikukuu inakaribia, na si vizuri mtu ale Krismasi peke yake. Akauliza kanisa, "Ni nani atamkaribisha dada yetu Linah nyumbani kwake? Nione kwa mkono."

Niliwaona wote. Mwalimu Wangechi alikuwa anatazama kitabu cha nyimbo. Mzee Kabiru aliniangalia kwa huruma, nadhani, na mkewe alikuwa ameushika mkono wake. Mchungaji akarudia swali mara ya pili. Halafu mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kisha akaomba tuimbe.

Ukipita Kuresoi mwambie Mama nimemnunulia soksi nyingine. Nitakuwa nyumbani tarehe ishirini na tano, siku nzima. Sitafunga geti.

Dada yako,
Linah