Taa Nne za Mutumbwi Wangu

Alhamisi, Kalemie

Eti mukono wa mwanamuke unazimisha taa! Mutumbwi ni wangu tangu bwana yangu alipofariki, lakini Papa Mulongo, mukubwa wa wavuvi wangu, alisema vile mbele ya wenzake wote. Taa nne zilizimika pamoja ziwani, samaki ndakala wenye kufuata mwangaza wakatawanyika, na siku ile mimi njo nilikuwa nimezipangusa.

Kumbe ni yeye mwenyewe alizifunga kwa waya mumoja, taa nyuma ya taa. Moja ikikufa, umeme haupiti tena, zote zinakufa. Hata zikiwa nzima zilikuwa zinafifia, maana ziligawana nguvu ya bateri.

Leo nilikata waya zote. Kila taa nikaipa waya zake mbili mpaka kwenye bateri, kisha nikamuita.

"Papa, toa moja."

Akatoa. Tatu zikabaki zinawaka vile vile.

"Bateri itaisha haraka," akasema.

Ni kweli, na hiyo inanisumbua. Lakini niombe ruhusa ya kugusa vitu vyangu?

Hapana. Kesho nitazipangusa tena zote nne, kwa mukono huu huu, yeye akiangalia.