Sumaili Hapandi Kamio

Mwanangu Amisi,

Njia ya Kalima imeota majani namna gani hata miguu yako ishindwe kuipita? Mvua mbili zimekuja na kwisha, na hujakanyaga mulango wangu. Wauza mawese wanasukuma baiskeli toka huko na mitungi nne nne, matope mpaka magotini, wanafika, wananiamkia. Wewe mwenye kukaa kambini na kamio, malori ya kampuni, zinapita mbele ya macho yako, unanitumia neno katika kinywa cha dereva, sawa mimi ni karani wako. Haya. Kifua chako kimetulia? Mukamwana wangu, bibi yako, bado anasikia maumivu ya goti akiinama mutoni? Na kile kitoto cha mwisho, meno yametoka? Mimi niko muzima. Macho tu yananisumbua na moshi, na hasira njo inanisaidia kuamka.

Sasa sikia. Dereva uliyemutuma kumuchukua mwana wako Sumaili atakupa hii karatasi peke yake. Usimutukane, hana kosa. Ijumaa alinipa neno lako: kwamba kuna nafasi ya kazi kwenye kuosha madini ya bati, kwamba kijana mukubwa vile hawezi kuzeeka akiweka disiki za muziki kwenye nyumba ya dansi ngambo ya muto, kwamba Jumanne apande. Nilimujibu, "Muchukue. Hata leo." Sikufichi. Nilikuwa nimechoka na ule mwana wako. Analala mpaka jua kali. Anagonga-gonga vidole kwenye sahani yangu ya kula. Ukimutuma mayi anarudi na ndoo nusu, akiimba. Nikimuuliza, "Bwana yangu, hiyo kazi gani, kusimama nyuma ya mashini mbili na kuwekea walevi disiki?" ananijibu, "Bibi, si kuweka, ni kuunga." Nikamuambia, fundi wa masufuria pia anaunga, na yeye tunampa kuku.

Basi Jumapili, nikiisha kusali adhuhuri, nilifungua sanduku kutoa kikwembe changu cha chama, kitenge kile tulichogawiwa wanawake wa kata, chenye kichwa cha Raisi mbele na nyuma. Kesho yake tulikuwa na mazoezi ya kumuchezea Raisi uwanjani. Nilipokikunjua niliona jua kupita ndani. Matundu mawili, ya mviringo, ukubwa wa disiki. Moja lilichukua maua ya pembeni tu. La pili lilichukua kichwa chote, na kofia yake.

Amisi, unajua mahali tunaishi. Mutu ameitwa na kuulizwa maswali siku nzima sababu alifutia kiti na kitambaa cha namna ile. Nilivaa kiatu kimoja cha mukeka na kimoja cha mupira, nikashuka mutoni, nikapanda mutumbwi. Mupiga kasia aliniangalia, akauliza, "Mama, kuna matanga ngambo?"

"Bado," nikasema. "Njo ninaenda kuyaleta."

Pale kwenye dansi ilikuwa saa tisa ya mchana, watu wamejaa mpaka nje. Nilipita katikati yao na kiwiko. Nilimukuta mwana wako nyuma ya meza, ile chombo ya kusikilizia iko kwenye sikio moja, nikamushika lile lingine.

"Kikwembe changu."

"Bibi, polepole. Iko chini ya disiki."

"Chini ya disiki inatafuta nini?"

Akaniambia akifanya kazi, hata hakugeuka. Mashini inazunguka, yeye anashika disiki kwa kidole, disiki inasimama inangoja, na mashini chini yake inaendelea kuzunguka. Bila kitambaa katikati, disiki inakamata, haitelezi. Nikamuuliza kichwa kiko wapi. Akainua kidevu: mashini ya kuume. Alikunja nguo, akakata, hakuangalia upande gani. Mutu mwenye kuhesabu nusu ya pigo la ngoma, anashindwa kuona kichwa cha Raisi.

Kabla sijamaliza kumutukana, mukubwa wa kata akafika mezani, abakosti, ile koti ya chama isiyo na tai, imefungwa mpaka shingoni, jasho. "Sitwayen Sumaili," akasema, sababu chama kinataka tuitane wananchi, "watu wanakusifu sana. Leo nitasimama hapa nione hizo mashini zako. Hiyo disiki ya kuume ikiisha, uitoe nione chini iko namna gani."

Ile wimbo ilikuwa inaisha.

Mwana wako hakuitoa. Alifungua ya kushoto, wimbo mupya ikaanza taratibu chini ya ile ya zamani, na watu hawakusimama. Halafu akashika ile ya kuume, akairudisha nyuma kwa kidole mpaka pale magitaa yanapokimbia, akasikiliza na sikio lake moja, akaiachilia. Magitaa ya wimbo moja yakaingia chini ya muimbaji wa wimbo nyingine, sawa walizaliwa nyumba moja. Akabadilisha disiki ya kushoto. Akarudisha magitaa tena. Mara tatu, mara ine. Watu wakaanza kupiga miluzi, wanafikiri ni mutindo mupya toka Kinshasa.

"Hii wimbo haiishi?" akauliza mukubwa wa kata.

"Leo haiishi, Mukubwa," akasema Sumaili.

Basi mimi, mama yako, ambaye sijaingia pale hata siku moja, nilimushika ule mwanaume mukono. Nikamuambia, "Mukubwa, unasimama sawa muti wa bendera. Njoo ucheze na muzee, upate baraka." Hakuweza kukataa, watu wanaangalia. Nikamugeuza mugongo kwa meza, nikamupeleka mpaka ukuta wa pili.

Na pale njo nilielewa. Nilicheza nikingoja kujikwaa. Kila mara nilijua sasa wimbo zinabadilika, nikakaza mguu, na mguu haukupata shimo. Unakumbuka tukitwanga mupunga wanawake wawili, wa tatu akitaka kuingia? Hapigi tu. Anainua muchi wake mutupu mara mbili, tatu, anasikiliza, halafu anashuka katikati ya wenzake, na kinu hakijui kama mutu ameongezeka. Ule anayekosea anavunja muchi wa mwenzake. Nimetwanga miaka yote hii na sijaona mwanaume anayeweza kile. Mwana wako anaweza, na wanawake wake wawili ni mashini zisizomungojea.

Niliporudi mezani alikuwa amekwisha kubadilisha kile cha kichwa kwa kitambaa kingine, Mukubwa aone. Alinipa kitambaa kimekunjwa, nikakitia kifuani, na jikoni kwangu kikawa majivu. Cha mazoezi niliazima kwa Mama Feza, jirani yangu, ambaye anakuandikia hii akicheka. Nilimupiga Sumaili kofi moja sababu ya kikwembe. Halafu nikamuambia mara ya ine aliingia kwa uzito. Akasema, "Kweli, Bibi. Nilichelewa."

Sasa wewe. Ulipoanza kuosha bati, baba yako alisema unachezea matope. Nani alimunyamazisha? Nilimuambia angalia mikono, usiangalie matope. Leo ninakuambia wewe neno lile lile, na wewe ukinuna, nuna ukiwa njiani unakuja. Leo Jumanne ninamurudisha dereva, na nafasi ya Sumaili kwenye kamio iko wazi.

Musalimie bibi yako, mukamwana wangu asiyesahau kunitumia chumvi. Musalimie muzee Ramazani anayetusomea dua, na dada yako pale sokoni, umuambie deni ya kunitembelea iko kwake pia. Watoto wote uwashike kichwa kwa ajili yangu.

Mimi Zaina, mama yako, Alunguli.

Ukikuja, fika Jumamosi ulale. Jumapili nitakuvusha, tutasimama wawili karibu na zile mashini, ufunge macho. Ukinionyesha mahali wimbo moja imeacha na nyingine imeshika, mutoto ni wako, umupeleke. Lakini kwa dereva, agiza nafasi moja tu ya kurudi.