Lenzi Mbili na Wembe Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Zimeingia! Zimeingia, na zinawasha kama nimepakwa pilipili. Daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye vidole baridi, alisema zitakwaruza kidogo. Kidogo! Nimetoka pale machozi yananichuruzika hadi mlinzi wa getini akanipa pole ya msiba.

Niyaandike aliyonieleza kabla sijayachanganya. Kioo cha mbele cha jicho kimekuwa chembamba, kimechomoza kama ncha ya yai. Yote mawili, ila la kushoto ndilo baya zaidi. Miwani ya kawaida haifui dafu tena. Kilichobaki ni hizi lenzi ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati, zinazokaa juu ya jicho lenyewe. Nianze kuzivaa saa chache tu, niongeze polepole. Na niandike kila siku zinavyonikaa. Hakusema nisiandike na mengine.

Basi naandika. Mimi ni kinyozi, na sijafa.

Jumanne, 4 Machi

Mama mwenye saluni amenipa hadi mwisho wa mwezi. Yote kwa ajili ya masharubu ya mwalimu! Mtaa mzima unaijua habari hiyo, na kila anayeisimulia anaitia chumvi. Ukweli ni kwamba niliona ncha mbili za sharubu, nikafuata ile isiyokuwepo. Mwalimu akatoka na masharubu ya upande mmoja.

Sasa wembe wangu umefungiwa kwenye droo ya mama. Nimeachiwa mashine tu, na vichwa vya watoto. Mwezi ukiisha bado sioni sawasawa, kiti changu anapewa mwingine. Kinyozi bila wembe ni nani? Ni mfagia nywele.

Mapozi, mwenzangu wa kiti cha pili, anawaambia wateja kwamba na yeye anakwenda kupima macho, maana mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wakacheka mpaka kiti kikalia. Wacheke. Mdomo haulipiwi ushuru.

Ijumaa, 7 Machi

Kuvaa lenzi asubuhi ni vita. Mke wangu ananishika kope la juu, mimi nashika la chini, lenzi iko kwenye ncha ya kidole.

"Baba Pacha, fumbua!"

"Nimefumbua!"

"Umefumba!"

Nilikuwa nimefumba. Ikaanguka kwenye beseni mara mbili, ya tatu ikakaa. Machozi, makamasi, kila kitu. Halafu pazia likafunguka.

Pacha walikuwa wamesimama mlangoni na mikoba ya shule. Wawili! Muda wote huu nilikuwa baba wa watoto wanne. Nimewahesabu kwa sauti, wakadhani ni mchezo, wakajificha ili nihesabu tena. Yule mdogo ana pengo la jino, hakuna aliyeniambia. Nimewasindikiza hadi njiani nikilitazama hilo pengo.

Jirani ameleta karoti. Nimezila zote. Tamu.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe amekuja. Hakuja kusalimia, amekuja na kikao chake kichwani. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na anataka nikakae pale kwenye kaunta, niuze misumari. Anasema kazi ya wembe ni ya mwenye macho. Shingo ya mtu si ubao, mtu ukikosea huwezi kupiga randa upya. Amesema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi.

Nikamjibu kwa adabu kwamba nashukuru, baba, lakini kazi ninayo. Akasema kwa sasa.

Mke wangu alikuwa jikoni. Mzee alipoondoka nikamuuliza mke wangu yeye yuko upande gani. Akasema yuko upande wa watoto kula. Lakini misumari? Ng'o!

Jumatano, 12 Machi

Nywele! Hilo daktari hakulijua, maana yeye hanyoi. Nilikuwa nachonga kichwa cha kijana, feni ikageuka, kipande cha unywele kidogo kuliko chawa kikaingia chini ya lenzi ya kulia. Nilipiga kelele mteja akaruka na shuka shingoni. Nikakimbilia nyuma na kipira alichonipa daktari cha kunyonyea lenzi, jicho jekundu kama nyanya. Mapozi akamalizia kichwa cha mteja wangu. Kisha akanifagilia na nywele, na hilo lilikuwa baya kuliko mzaha.

Leo nimezichukia. Kama si mke wangu kunipokonya kikopo cha kuzihifadhia, zingeishia chooni.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuzivaa. Potelea mbali.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezivaa. Bila lenzi nilimwamkia mti wa umeme, nikaona nimeshakoma.

Nimejinunulia na miwani ya plastiki nyeupe, ile wanayovaa mafundi wakikata chuma. Inaziba pembeni kote. Feni nimeigeuzia ukuta, Mapozi ananung'unika joto, anung'unike. Mteja wa kwanza aliuliza kama nataka kumnyoa au kumchomelea geti. Nikamwambia inategemea kichwa chenyewe kilivyo kigumu. Akakaa. Wakaja wengine wakakaa. Hakuna unywele ulioingia! Jioni jicho lilikuwa limechoka tu, kama mguu uliovaa kiatu kipya.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu amerudi!

Ameingia akiwa ameshika mdomo wa juu kama anayeficha kitu, akakaa kwenye kiti changu mbele ya watu wote. "Yameota. Nimekuletea uliyoyaanza."

Mama mwenye saluni akainuka kwenye kaunta. Akafungua droo. Akanikabidhi wembe, kisha akasimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake sikioni. Nimeishika ncha ya pua ya mwalimu, nikayaona masharubu yake moja moja, yenye mvi na yasiyo nayo, na pale yanapokomea. Mstari mmoja tu. Hakuna wa uongo pembeni. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mwalimu akajitazama kwenye kioo kulia, akajitazama kushoto, akasema sasa anaweza kusimama darasani bila wanafunzi kuinama chini ya madawati kucheka. Mapozi akapiga makofi. Mama akasema mmoja si wengi, bado mwezi haujaisha. Lakini wembe hakuurudisha kwenye droo.

Nimeuweka kwenye mfuko wa aproni. Nimeugusa siku nzima kama mtu mwenye barua ya uchumba.

Jumapili, 23 Machi

Nimezivaa saa nyingi leo, bila kuwashwa sana. Mke wangu amecheka eti namtazama mno. Nikamwambia nalipia deni. Akanirushia taulo.

Kisha akasema babake ameuliza tena habari ya kaunta. Amemjibu kwa niaba yangu, mimi sijamtuma. Amemwambia aje aone mwenyewe. Nikashika kichwa. Mke wangu anaweza kunipalia makaa huku anatabasamu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, kile cha wateja, miguu juu. Nimeamriwa nisishuke. Daftari lilikuwa kwenye droo ya vichana, mkono umefika. Nikikaa bure nitapasuka.

Baba mkwe alikuja saluni imejaa. Maisha yake yote hanyolewi na mtu, hunyoa mwenyewe nyumbani kwa maji baridi. Akatundika koti, akakaa kwangu. Akasema kwa sauti ya kusikika na wapita njia: "Ninyoe ndevu zote kwa wembe. Ukinikata, Jumatatu tunafungua duka pamoja. Usiponikata, sitalitaja tena mpaka naingia kaburini."

Mama mwenye saluni akaacha kuhesabu taulo. Nikasema sawa, baba.

Alipoiona miwani yangu ya plastiki akakataa. Eti hakuja kukatwa kama bomba, nivue. Nilipaswa kubisha. Lakini yule ni baba mkwe wangu, kidevu ameshakiinua. Nikaivua.

Nikampaka povu. Shavu la kulia likaisha safi, chini ya taya, mpaka kwenye kile kishimo kigumu karibu na koo ambacho hata Mapozi hukiogopa. Hakuna tone! Nikazunguka kwenda shavu la kushoto, nikainama, Mapozi akawasha mashine upande wake, unywele ukaruka. Nikapepesa. Nikahisi jicho la kulia limekuwa jepesi, halafu dunia ya upande ule ikayeyuka.

Niliutoa wembe kwenye uso wake kwanza. Hilo nalijua na nitalisema popote. Kisha nikasema, baba, usitingishike, lenzi yangu imeanguka.

Sasa saluni nzima iko sakafuni. Mama amefunga mlango, asiingie mtu akaikanyaga, na mimi amenipandisha kitini nisiikanyage. Wateja wanne wamepiga magoti na tochi za simu, shuka bado shingoni. Na baba mkwe! Baba mkwe, shavu moja linang'aa, la pili lina povu linaloporomoka, anatambaa chini ya kioo akipapasa nywele za watu kwa kiganja. Nilimwambia atulie, akafoka kwamba kitu kimepotea wakati ananyolewa yeye, atakitafuta yeye.

Mteja mmoja amepiga kelele ameipata. Ilikuwa kipande cha kucha.

Jicho la kushoto linaona, si vizuri. Nikilifumba la kulia nawaona wote chini wana mikia ya mwanga. Mama amesema muda umekwenda mno, Mapozi ammalizie mzee huyu, tutajua ya lenzi baadaye. Amesema bila ukali, tena ana haki. Mapozi amenyanyuka, amefuta mikono.

Baba mkwe ameinua kichwa kutoka chini ya meza. Amemuuliza Mapozi anakwenda wapi. Amesema yeye alikaa kiti cha mkwewe, hajakatwa, na uso wake hauna vinyozi wawili. Aletewe maji ya moto tu, povu limekauka. Kisha amerudi kutambaa.

Mapozi hajui amsikilize nani. Mama amemtikisia kichwa: chukua. Amesimama mbele yangu sasa hivi, amenyoosha mkono, anaomba wembe.

Simpi.