Maneno ya Chepkemei Hayakufika kwa Wageni

Mama Waithera mpendwa, naomba msaada wako kwa sababu nimebaki na neno la mtu mdomoni, halimezeki wala halitemeki. Nafanya kazi na shirika moja kubwa la kimataifa, ofisi yetu iko hapa Nakuru, na mpango wetu ni wa ng'ombe wa maziwa: mama akipewa mtamba, ndama jike wa kwanza anampa jirani, na wa jirani akizaa, ndama wake anapewa mwingine, hivyo hivyo mpaka kijiji kizima kikamue. Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka makao makuu ng'ambo, tukaenda nao Elburgon, mimi nikiwa mkalimani, na mama mmoja, Chepkemei, akasimama akasema kwa Kikalenjin, bila kupepesa macho, kwamba ndama hao hawafiki kwa majirani, wanabebwa na gari la shirika hadi shamba la meneja wetu, na meneja mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu, lugha ni yake, alielewa kila neno, akanitazama tu, na mimi, Mungu anisamehe, nikawageukia wageni nikasema kwa Kiingereza, mama anashukuru na anaomba mpango uendelee. Wageni wakapiga makofi, na akina mama nao wakapiga, wakidhani yamefika.

Tukirudi meneja aliniambia, "Leo umefanya kazi poa sana. Hiyo contract yako ya Disemba, usiwe na stress." Ofisini kuna bango la Sema Bila Woga, lenye namba ya simu, lakini Micah wa stoo aliipiga mwaka jana kwa jambo jingine na haikupita muda akaambiwa nafasi yake imefutwa, sasa anauza viazi Salgaa, nami nalea mtoto peke yangu na baba yangu ni mgonjwa. Juzi Chepkemei alinipigia: "Msichana wangu, wageni walisema nini? Ndama zetu zinarudi lini?" Nikamwambia wanashughulikia. Je, ninyamaze mpaka Disemba ipite, au niseme nipoteze kazi?

Mkalimani, Nakuru

Mkalimani, pole. Kulea mtoto na kutunza mzazi kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja si mchezo, na yaliyompata Micah yangemtisha yeyote. Lakini acha kuniuliza kama unyamaze, maana hukunyamaza. Ungekohoa, ungeomba maji, ungesema hujasikia vizuri! Wewe ulimtilia mama mzima shukrani mdomoni, na alipokupigia ukamwongezea uongo wa pili. Imeniuma kusoma hivyo, na sasa nimeshakukemea, tuendelee.

Kwanza nenda kwa Chepkemei, wewe mwenyewe, si kwa simu. Mwambie ulichowaambia wageni, neno kwa neno. Atakasirika, na umwache akasirike. Kisha muulize kama anataka maneno yake yapelekwe tena, na kama jina lake litajwe. Hilo ni lake kuamua.

Akikubali, waandikie wageni wale wale, wala usipitie ofisi ya Nakuru, na utumie simu yako, si kompyuta ya kazini. Usimwite meneja mwizi. Hujawaona hao ndama shambani kwake. Sahihisha kazi yako tu: mama alisema hivi, mimi nikatafsiri vile, meneja alikuwepo, na baadaye akanitajia kandarasi yangu. Omba ulinzi, nao wakujibu kwa maandishi. Kabla ya kutuma, muone wakili wa mambo ya kazi. Na anza leo kutafuta kazi nyingine, kwa sababu siwezi kukuahidi kwamba utabaki hapo. Bango halijawahi kumlinda mtu.

Ati ungoje Disemba. Binti yangu, wewe unaogopa atakachokufanyia meneja akijua umesema. Chepkemei ameshasema, na meneja alimsikia. Mama huyo anatembea huko Elburgon akidhani wageni wako nyuma yake, na nyuma yake hakuna mtu. Nenda Jumamosi hii.